Fomu ya Marekani na Ndoto ya Udaktari

Kila mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, ukiwauliza vijana waliopata alama ya A wanakusudia kusomea nini, aghalabu utajibiwa kwa neno moja: udaktari. Hilo si ajabu. Hapa kwetu njia ya taaluma hiyo imenyooka. Mwanafunzi aliyefuzu vyema, hasa katika biolojia na kemia, huingia chuo kikuu na kuanza masomo ya tiba moja kwa moja, nayo humchukua takriban miaka sita.

Utata huzuka pale kijana huyo anapoomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani vinavyochagua wachache miongoni mwa maelfu. Vijana wetu kadhaa wamevifikia, baadhi yao kupitia mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwanariadha Mike Boit pamoja na mwandishi John Manners. Fomu humwuliza mwombaji anakusudia kusomea somo gani kuu. Yeye hutafuta neno "udaktari" katika orodha asilione.

Kisa na maana ni kwamba huko udaktari si shahada ya kwanza. Chuo cha udaktari cha Johns Hopkins kilipofunguliwa mwaka 1893 kiliwataka wanafunzi wake wawe na shahada tayari, na ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 ikakifanya kiwe kielelezo kwa vingine. Hivi leo kijana husoma miaka minne ya shahada ya kwanza, akaomba upya nafasi katika chuo cha udaktari, akasoma minne mingine, kisha akafunzwa hospitalini kwa miaka mitatu au zaidi.

Je, ajaze somo gani? Wengi hukimbilia biolojia kwa kudhani kwamba bila hiyo mlango umefungwa. Dhana hiyo haina msingi. Vyuo vya udaktari hudai kozi maalumu, kama vile biolojia, kemia na fizikia, pamoja na alama za mtihani uitwao MCAT. Mwanafunzi wa historia anaweza kuzisoma kozi hizo kando ya somo lake. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2015 mtihani wenyewe hupima pia saikolojia na sosholojia, mbali na ufahamu wa matini za fasihi, falsafa na sayansi za jamii. Mnamo mwaka 1987, chuo cha udaktari cha Mount Sinai jijini New York kilianza kuwapokea baadhi ya wanafunzi wa fasihi na sayansi za jamii bila kuwadai MCAT. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa hawakuachwa nyuma na wenzao.

Hata hivyo, wako wanaokosea kwa upande wa pili. Wakisikia kwamba wanabiolojia ni wengi, hujaza falsafa au anthropolojia kwa hila, ilhali hawajawahi kusoma kitabu kimoja cha fani hiyo. Wasomaji wa maombi hayo hawalisomi jina la somo peke yake. Huliweka kando ya alama, insha za mwombaji, shughuli zake na barua za walimu wake. Njia ya mwongo ni fupi. Anayependa biolojia kwa dhati na aseme biolojia bila haya, na aliyeziimarisha lugha na historia kwa miaka minne asizikane.

Yafaa pia kujua kanuni za kila chuo, kwa maana hazifanani. Harvard humpa mwanafunzi hadi mwaka wa pili kabla ya kulitangaza somo lake kuu, hivyo alichojaza kwenye fomu hakimfungi. Cornell humtaka mwombaji achague kitivo tangu mwanzo. Johns Hopkins nacho, katika uhandisi wa tiba, huwapokea waliouomba wakati wa kujiunga; mtu anaweza kukubaliwa chuoni akanyimwa somo hilo. Mchagua nazi bila kuujua mnazi hupata koroma.

Lipo jambo zito zaidi ambalo nadhani halisemwi vya kutosha shuleni mwetu. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei raia wa kigeni, na vinavyowapokea huchukua wachache mno. Baadhi hudai mwanafunzi aonyeshe mapema fedha za karo ya miaka kadhaa, na mikopo ya serikali ya nchi hiyo hapewi mwenye viza ya masomo. Kijana aliyelipiwa kila kitu katika shahada ya kwanza anaweza kuukuta ukuta mwishoni mwa mwaka wa nne.

Kwa hiyo nashikilia kwamba Mkenya anayejaza fomu hiyo ajiulize hivi: ikiwa mlango wa udaktari utafungwa, je, somo hili litanisimamisha kwa miguu yangu? Takwimu, biokemia, uchumi au afya ya jamii, likisomwa kwa mapenzi, litamfikisha mahali. Naye ambaye hataki lolote ila kuwatibu wagonjwa, na mapema, basi avipime kwanza vyuo vya nyumbani. Kuvichagua si kushindwa.

Nanyi walimu mna sehemu yenu. Barua zenu husomwa neno kwa neno. Mwalimu anayeandika tu kwamba mwanafunzi ni mwerevu na mtiifu hajamsaidia. Aeleze swali alilouliza darasani, jaribio alilolirudia maabarani, au insha aliyoiandika upya bila kushurutishwa. Na kabla ya barua, amwambie ukweli kuhusu urefu wa safari na gharama yake, ili achague akiwa macho wazi.