Kinga si ya makala tu

Toka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilomita 120 hivi. Vijana wetu wanaoenda na kinga wakati wa konji wanafuata paka barabara kubwa. Makamyo ya madini yanawapita karibu, wanafika wamemeza vumbi.

Sisi tunasema: ku Kapolowe waache barabara kubwa, wapite kando mpaka ziwa Tshangalele. Safari itarefuka, ndiyo. Lakini ziwa lile ni historia yetu. Lilizaliwa wakati mto Lufira ulifungwa ku Mwadingusha, na mwaka 1930 maji yake yakaanza kutoa umeme kwa migodi. Bankambo betu walitumika na umeme ule. Batoto betu wanakula samaki ya pale, lakini ziwa lenyewe wengi hawajaliona.

Wazee watasema: kinga ni ya kubeba makala na unga, si ya kutembeza macho. Tunawaelewa, juu nguvu ya miguu ni feza. Lakini mutu anayeshinda siku sita mu vumbi ya mine anastahili kuona maji siku ya saba.

Mubebe pompi, muulize njia kwa chefu wa kijiji, mununue samaki kwa wavuvi. Kisha murudi, mueleze batoto.