Utulivu wa Kunduchi unamgharimu nani?

UKISHUKA kituo cha Mtongani katika Barabara ya Bagamoyo, kisha ukakata kulia kuelekea baharini, kelele za Jiji la Dar es Salaam huanza kufifia. Baada ya mwendo mfupi unakutana na upepo wa bahari, minazi na harufu ya samaki wabichi. Umefika Kunduchi, kijiji cha kale cha wavuvi ambacho jiji lilikikuta na kukimeza.

Kwa mkazi wa jiji aliyechoshwa na foleni, hapa ni mahali pa kutuliza akili. Mwisho wa wiki familia huja kuogelea, na wengine hupanda boti kwenda Kisiwa cha Mbudya. Jumatatu mambo hutulia, na mgeni hutembea mchangani akadhani ufukwe hauna mwenyewe.

Hapo ndipo tunapokosea. Ufukwe unaoonekana mtupu saa sita mchana ulikuwa umejaa watu alfajiri. Ngalawa na boti huingia, samaki humwagwa, mnada huanza. Wachuuzi huondoka na changu, tasi na vibua kwenda kuuza mitaani, na akina mama huwasha moto wa kukaangia. Jua likipanda, kazi hugeuka kuwa ya kushona nyavu, kukalafati vyombo na kulala kidogo kabla ya safari ya usiku. Kwa mvuvi, mchanga huo ni gati, karakana na soko kwa wakati mmoja. Ukimnyima, unakuwa umemfungia kiwanda.

Wala wavuvi hawa si wavamizi wa jana. Jirani na makazi yao yapo magofu ya Kunduchi: mabaki ya msikiti wa mawe unaokadiriwa kuwa wa karne ya 16, na makaburi yenye minara ambayo baadhi yalipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Watu waliishi, walifanya biashara na kuzikana hapa kabla Dar es Salaam haijaanza kujengwa katika miaka ya 1860. Kwa hiyo swali la nani alitangulia lina jibu. Linalohitaji kujibiwa ni iwapo aliyetangulia atabaki.

Tatizo ni kwamba jamii hii inabanwa kutoka pande tatu. Upande wa nchi kavu kuna kuta. Viwanja vya ufukweni vimepanda thamani, na kadiri hoteli na nyumba za kifahari zinavyoongezeka, ndivyo vichochoro vya kushukia pwani vinavyopungua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Ni kweli kwamba baadhi ya majengo yalikuwapo kabla ya sheria hiyo. Hata hivyo, atembeaye katika fukwe za kaskazini mwa jiji haoni mita 60 zilizo wazi. Sehemu nyingine, bahari ikijaa, maji hugonga ukuta na mpita njia hukosa pa kukanyaga.

Upande wa bahari kuna maeneo tengefu. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitengwa mwaka 1975 ili kulinda matumbawe na mazalia ya samaki, na uvuvi hauruhusiwi humo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwani baruti na nyavu haramu zimeumiza sana bahari yetu, na mazalia yakifa mvuvi ndiye wa kwanza kulala njaa. Lakini haki haikamiliki iwapo mtalii analipa kiingilio ili afurahie kisiwa, huku kijiji kilichopisha hifadhi hiyo kikibaki bila manufaa ya maana.

Upande wa tatu ni bahari yenyewe, ambayo imekuwa ikiila nchi. Hoteli ya Africana iliyokuwa maarufu katika ufukwe huu iliharibiwa na mmomonyoko, na leo jina lake limebaki katika kituo cha basi. Wataalamu wamehusisha mmomonyoko huo, pamoja na mambo mengine, na uchimbaji wa mchanga katika mito inayoshuka kutoka Tegeta na Mbezi. Mchanga wa mtoni ndio unaolisha ufukwe. Ukizolewa kabla haujafika, mawimbi hula bila kurudishiwa. Baadhi ya wenye majengo wamejikinga kwa makingio ya mawe, ambayo humnusuru aliyejenga lakini huweza kumnyima mchanga jirani yake. Msomaji asiharakishe kunyoosha kidole, kwani huenda nyumba anamosomea makala haya ilifyatuliwa tofali kwa mchanga huohuo.

Hakuna anayedai hoteli zivunjwe zote au watalii wafukuzwe. Utalii unaleta ajira, na vijana wengi wa pwani wanautegemea kama wapishi, walinzi na waendesha boti. Lakini kazi hizo si mbadala kamili wa uvuvi. Mvuvi ana chombo, ujuzi wa kusi na kaskazi, na uhuru wa kwenda baharini bila kusubiri msimu wa wageni. Janga la corona lilipowazuia wageni mwaka 2020, waliotegemea utalii pekee walilijua hilo.

Yanayotakiwa si makubwa. Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni ipime na kuweka alama njia zote za kushukia ufukweni, na kila mwenye kiwanja ajue kuwa kuziba njia ni kosa. Mita 60 zisimamiwe kwa mkubwa kama zinavyosimamiwa kwa mwenye kibanda cha makuti. Uchimbaji holela wa mchanga udhibitiwe kwenye mito, wala si kwa matamko. Na vikundi vya wavuvi vinavyolinda rasilimali za bahari vipewe sauti katika matumizi ya fedha zinazotokana na visiwa wanavyovitazama kila asubuhi.

Ardhi ya nchi hii ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Kama kauli hiyo ina uzito wowote, uonekane kwanza pale mchanga unapokutana na maji. Vinginevyo tutabaki na ufukwe mzuri, mtulivu na msafi, ambao ili mtoto wa mvuvi aufikie itabidi kwanza aombe ruhusa getini.