Bukoba wanahitaji boti ya uokoaji
Rubani anayeingia Uwanja wa Ndege wa Bukoba kutokea ziwani hushuka juu ya maji hadi mwisho kabisa, maana lami inaanzia karibu na ufukwe. Njia yenyewe ina takriban mita 1,500: inazitosha ndege za pangaboi kama ATR, na kwa watu wa Kagera inaokoa zaidi ya kilomita 1,300 za basi kutoka Dar es Salaam. Tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria ikijiandaa kutua. Waliofika kwanza ni wavuvi, na mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson alisimulia jinsi alivyovunja mlango wa nyuma kwa kasia, watu wakaanza kutoka. Walipona 24, 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwamo. Mkoa huu ulikuwa umekwisha kupoteza watu wengi katika meli ya MV Bukoba, iliyozama Mei 1996, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ziwa lilitushtukiza. Tunapozungumzia viwanja vidogo tunakimbilia jengo la abiria na urefu wa lami. Sawa, vijengwe. Lakini uwanja unaopakana na maji unadai boti iliyo tayari saa zote ndege zinaporuka, wazamiaji wenye mitungi ya hewa, na mazoezi ya mara kwa mara pamoja na wavuvi haohao, walipwe kwa siku wanazoacha nyavu zao.