Filamu za vita ya Kivu zionyeshwe kwanza kwa waliopigwa picha

GOMA – Mwaka baada ya mwaka, filamu fupi na dokumentari kuhusu Kongo ya Mashariki zinapita katika matamasha ya filamu ya Berlin, Amsterdam, Paris na miji mingine ya mbali. Watu wanaingia ukumbini, wanalia kidogo, wanapiga makofi, wanamuuliza mtengenezaji maswali, kisha wanarudi nyumbani kulala. Mama aliyesimama mbele ya kamera akaeleza namna alivyokimbia Masisi ama Rutshuru na mtoto mgongoni, yeye hajaiona filamu hiyo. Mara nyingi hajui hata jina iliyopewa. Hilo ni kosa, na wakati umefika liitwe kosa.

Isieleweke kwamba filamu zenyewe hazina kazi. Zina kazi kubwa, na nyingine ni za wana wa nchi. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa mwaka 2017 filamu « Maman Colonelle », akimfuata kanali wa polisi Honorine Munyole, aliyehamishwa toka Bukavu kwenda Kisangani kulinda wanawake na watoto. Mwaka 2020 akatoa « En route pour le milliard », juu ya wahanga wa vita ya siku sita, ile ambayo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wa Kisangani mwezi wa sita mwaka 2000. Wahanga hao, wengine bila mguu, wengine bila mkono, wanapanda boti na kushuka mto Kongo hadi Kinshasa kudai malipo yao. Filamu hiyo ilichaguliwa na tamasha la Cannes mwaka huo. Mwaka mmoja kabla yake, Nelson Makengo alipata huko Amsterdam zawadi ya dokumentari fupi bora kwa « Nuit debout », inayoonyesha namna wakaaji wa Kinshasa wanavyoishi gizani kwa kukosa umeme.

Wakongomani wana haki ya kujivunia kazi hizo. Swali ni nani anaziona.

Katika miji mingi ya nchi, kumbi za sinema za zamani zimegeuka makanisa ama maduka. Zilizobaki ziko mbali na mfuko wa mtu wa kawaida. Anayeishi Kitshanga ama Minova akitaka kuona dokumentari iliyopigwa kijijini kwake, hana mlango wa kubisha. Filamu haiko kwenye televisheni anayoijua, na kwenye intaneti inaombwa malipo ya kadi ya benki ambayo hana. Kwa hiyo filamu juu ya Kivu inakuwa kama dhahabu ya Kivu: inachimbwa hapa, inasafishwa kwingine, inavaliwa kwingine kabisa.

Goma haikunyamaza juu ya jambo hili. Kituo cha utamaduni cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, kiliweka tamasha la filamu mjini hapa ambalo kwa miaka mingi lilijulikana kama Salaam Kivu, ili vijana wa Goma waone filamu zao kwao na wazijadili kwao. Katondolo mwenyewe alitoa mwaka 2010 « Jazz Mama », filamu inayowaonyesha wanawake wa Kongo kama watu wenye nguvu na sauti, wakati ambapo kamera nyingi zilizokuja hapa zilitafuta machozi tu.

Baadaye mjadala ulifika mbele ya kamera yenyewe. Mholanzi Joris Postema alikuja Goma kutengeneza « Stop Filming Us », iliyotoka mwaka 2020, akijiuliza kama mzungu anaweza kuonyesha mji huu bila kurudia makosa ya wakoloni. Vijana wa Goma walimjibu humo humo ndani ya filamu yake, bila kumwonea haya. Halafu mwaka 2022, Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa wakatoa filamu yao, « Stop Filming Us But Listen », wakichukua picha zilizokwisha kupigwa na picha za zamani za ukoloni, na kuzipanga upya kwa macho yao. Somo lilikuwa wazi: mwenye mji anaweza kuchukua picha zilezile na kueleza hadithi nyingine.

Lakini hata mjadala huo ulibaki zaidi kati ya watengeneza filamu, wanafunzi na watu wa utamaduni. Aliye chini ya turubai hakuitwa mezani. Na tangu mwaka 2025 jambo hili limekuwa zito kuliko zamani.

Kabla M23 haijaingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, mamia ya maelfu ya watu waliishi katika kambi zilizouzunguka mji: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo na nyingine. Kamera zilipita humo mara kwa mara, za mashirika, za televisheni za kigeni, za vijana wa hapa. Mwezi wa pili kambi hizo zikavunjwa, wadeplase wakaambiwa warudi makwao. Wengine walirudi na kukuta nyumba imechomwa ama shamba limekaliwa na mtu mwingine. Wengine wametawanyika kwa ndugu, katika makanisa, katika nyumba za kupanga wasizoweza kulipa.

Sasa mtoto aliyezaliwa Bulengo mwaka 2023 hana mahali pa kusimama siku moja na kusema: nilizaliwa hapa. Vigingi vimeng'olewa, maturubai yamekunjwa, makaburi ya waliokufa kambini hayana wa kuyalinda. Kinachobaki ni picha. Na picha hizo ziko kwenye mashine za watu walio Brussels, Nairobi, London na Kinshasa. Familia iliyoishi humo haina hata nakala moja. Ndiyo sababu swali la nani anaona filamu limeacha kuwa la wapenzi wa sinema peke yao. Ni swali la kumbukumbu, na siku ya sheria litakuwa pia swali la ushahidi.

Kisangani inatoa mfano. Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, yakiwemo yale ya Kisangani. Hakuna anayeweza kusema kwamba filamu ndiyo iliyoleta hukumu hiyo. Kesi ilifunguliwa mwaka 1999, kabla filamu haijafikiriwa. Lakini filamu iliweka sura za wahanga mahali ambapo karatasi za kesi hazina sura. Wahanga wa Rutshuru, Masisi, Nyiragongo na Kalehe nao watahitaji sura zao siku hiyo ikifika, na watahitaji kujua nani anazo.

Kuna tena jambo la lugha. Dokumentari nyingi za Kivu zinasemwa kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyarwanda, Kinande ama Mashi, halafu chini ya picha yanaandikwa maneno ya Kifaransa ama Kiingereza. Maandishi hayo ni ya mgeni. Aliyesema anajua alichosema, lakini jirani yake wa kabila lingine hakielewi, na akiwa hajui kusoma Kifaransa, filamu juu ya nchi yake inampita kama gari lenye vioo vyeusi.

Tafsiri si kitu kidogo. Mwaka 2015 serikali ya Kinshasa ilikataza « L'homme qui répare les femmes », dokumentari ya Thierry Michel na Colette Braeckman juu ya daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu. Serikali ilisema filamu inachafua jeshi, na ilidai kwamba maneno ya wanawake waliohojiwa yamegeuzwa katika tafsiri ya Kifaransa. Kelele zikapigwa, na mwezi wa kumi wa mwaka huo katazo likaondolewa. Angalia upuuzi wa mabishano yale: waziri Kinshasa na watengenezaji Ubelgiji wanabishana juu ya kile wanawake wa Kivu walichosema, wakati wanawake wenyewe na majirani wanaoijua lugha hiyo hawajaitwa kuangalia. Filamu ingepita kwanza mbele yao, mashahidi wa tafsiri wangekuwa maelfu.

Kuna wanaopinga, na hoja zao zinastahili jibu.

Wa kwanza wanasema: mwenye njaa hali picha. Ni kweli, na hakuna anayeomba filamu ichukue nafasi ya unga, maharagi au dawa. Lakini hoja hiyo ni ya ajabu ikitoka kwa watu ambao walipata fedha ya kuleta kamera, dereva, mtafsiri na hoteli ili kupiga picha njaa ileile. Kama fedha ya kuchukua picha ilipatikana, fedha ya kuirudisha ipatikane pia. Vifaa vyenyewe ni vichache: projekta, spika, shuka nyeupe, jenereta ndogo na lita chache za mafuta. Filamu ya « Fighting the Silence » ya mwaka 2007, ya mapacha Waholanzi Ilse na Femke van Velzen, juu ya wanawake wa Kongo waliobakwa, ilizungushwa vijijini mashariki ya nchi kwa sinema ya kutembea. Ilifanyika wakati barabara zilikuwa mbaya na vita ilikuwepo. Basi neno « haiwezekani » liachwe.

Wa pili wanasema: ni hatari. Hii ni hoja nzito zaidi, na haipaswi kudharauliwa. Msichana aliyesema mbele ya kamera kwamba alibakwa, ama mwanaume aliyetaja kundi lililomuua ndugu yake, anaweza kulipa maisha yake kama filamu itaonyeshwa mbele ya umati ambamo hajulikani nani ni nani. Katika eneo ambalo mwenye nguvu anabadilika toka mwezi mpaka mwezi, uso ulioonyeshwa jana bila wasiwasi unaweza kuwa mashtaka kesho. Lakini hatari hiyo haipungui kwa kuonyesha filamu Ulaya. Kila filamu iliyoonyeshwa Amsterdam inafika siku moja kwenye simu ya mtu hapa, kipande kipande, kwa WhatsApp, na anayehusika ndiye wa mwisho kujua. Kumwonyesha kwanza, faragha, na kumpa nafasi ya kusema « toeni sura yangu », ndiyo ulinzi wenyewe.

Wa tatu wanasema: kuona tena mambo yale kunaamsha majeraha. Inaweza kuwa. Kwa sababu hiyo onyesho lisifanywe kama mechi ya mpira, watoto mbele na muziki nyuma. Lifanywe na wamama wanaoaminika mtaani, na mtu wa kusikiliza watu awepo, na asiyetaka kuangalia aachwe akae kwake. Uamuzi huo ni wa mhanga. Kumwamulia mtu kwamba hawezi kuvumilia kujiona, huku wageni elfu wakimwona, ni dharau iliyovaa nguo ya huruma.

Lawama haziwaangukii wageni peke yao. Kuna vijana wa hapa waliozoea kazi za kuagizwa: shirika linataka dakika tano, mama mmoja alie, mradi uonekane, nembo itokee mwishoni. Filamu ya namna hiyo haina haja ya mtazamaji wa Goma, maana mtazamaji wake ni mfadhili. Chérie Rivers Ndaliko aliuandikia ugonjwa huu kitabu kizima mwaka 2016, « Necessary Noise », akionyesha namna misaada inavyoweza kuipangia sanaa ya Kivu cha kusema. Kijana mwenye kipaji anayekubali kila agizo anaishia kuwa mikono ya mwingine.

Basi kinachodaiwa ni nini? Mambo manne, na hakuna hata moja lisilowezekana.

La kwanza, filamu yoyote iliyopiga picha familia zilizokimbia vita ionyeshwe kwa familia hizo kabla ya kwenda kwenye tamasha lolote. Na matamasha yenyewe, ya hapa na ya Ulaya, yamuulize mtengenezaji kabla ya kupokea filamu yake: umewaonyesha?

La pili, kila filamu iwe na nakala yenye sauti ya Kiswahili. Maandishi hayatoshi kwa asiyesoma. Watu wa Goma na Bukavu wamezoea tangu zamani filamu za Kihindi na za Kichina zilizotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili. Haieleweki kwa nini maisha yao wenyewe yakose heshima hiyo.

La tatu, sauti ya dokumentari ipewe redio za jamii. Familia nyingi zilizotawanyika hazina umeme wala skrini, lakini redio ndogo inasikika hata katika nyumba ya majani. Ushuhuda mzuri unasikilizika bila picha, na uso wa aliyesema unabaki umefichwa.

La nne, nakala ziwekwe mahali ambapo wakaaji wa Kivu wanaweza kuziomba bila viza na bila kadi ya benki: chuo kikuu, parokia, kituo cha utamaduni. Penye hatari, zifungwe kwa miaka mpaka amani irudi, lakini ziwe zao.

Wakati huo bado haujafika, na kamera bado zinakuja. Kwa hiyo mama ama papa anayefuatwa na kamera leo, akiwa Sake, Kalehe, Lubero ama popote alipofikia, ana haki ya kuuliza kabla ya kufungua kinywa. Filamu hii itaonyeshwa wapi? Nitaiona lini, na nani ataniletea? Nikitaka uso wangu ama jina langu vifichwe, nitampigia nani simu? Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu aambiwe kwa upole azime kamera yake, anywe chai kama ipo, na arudi siku atakapokuwa na majibu.