Mzazi, Tupishe Kidogo



Mwezi huu tunataka kusema jambo ambalo baadhi yenu halitawapendeza. Mnapomleta kijana wenu hospitali, mwacheni aseme mwenyewe.

Kwa kawaida huwa hivi. Msichana wa miaka 15 anaingia na baba yake. Tunamwuliza, "Unaumwa nini?" Baba anajibu, "Huyu ana malaria." Tunamwuliza tena binti, baba anajibu tena. Binti anatazama sakafu.

Mmoja wa namna hiyo alikuwa amekwisha kumeza dawa ya malaria mara tatu, iliyonunuliwa dukani bila kupimwa. Tulimwomba mzazi atupishe kidogo. Alinung'unika, lakini akatoka. Ndipo binti akasema kwa sauti ndogo kwamba kila mwezi hutokwa damu nyingi siku 9 au 10, darasani husinzia, na akipanda mlima moyo humwenda mbio. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Wekundu wa damu ulikuwa 6.8, na kwa umri wake ulipaswa kufika 12. Hakuwa mvivu, kama ilivyosemwa nyumbani. Alikuwa hana damu.

Hayo asingeyasema mbele ya baba, nasi hatumlaumu. Zamani kazi ya kumfunda ilikuwa ya bibi au shangazi. Siku hizi bibi yuko kijijini, shangazi yuko mjini, na mama anaona haya. (Hata sisi wauguzi, tukirudi kwetu, huona haya mbele ya watoto wetu.)

Damu ya mwezi ikizidi siku 7, au kitambaa kikilowa chote kwa saa moja au mbili, mleteni. Mpikieni mchicha, matembele, maharage na dagaa, ale na chungwa au limau. Chai asinywe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Wavulana ndio wagumu zaidi. Huja wakiwa wamekwisha kukojoa kwa maumivu wiki mbili, na mbele ya mama husema ni kichwa tu.

Wengine hunong'ona kwamba tukibaki na mtoto tunamfundisha mambo ya kikubwa. Sivyo. Tunamsikiliza. Likiwepo la kuhatarisha uhai wake, tutawaita na kuwaambia, naye akijua kwamba tunawaambia.

Nje ya mlango kuna benchi, tena kivulini. Dakika 10 zinatosha.