Bahasha ya kwantamu haifungiki

Kila nikisikia mtu akijigamba kwamba mfumo wake "ni wa kwantamu, hauvunjiki", huuliza: hauvunjiki na nani?

Wengi wakitaja kriptografia ya kwantamu huwaza ile mbinu ya Bennett na Brassard ya mwaka 1984 ya kusambaza funguo za siri. Pale Asha na Juma wanaaminiana. Adui ni mdukuzi anayesikiliza njiani. Lakini shughuli nyingi za biashara ni kati ya watu wasioaminiana. Chukua mfano wa zabuni. Asha anaandika bei, anaitia katika bahasha na kumkabidhi Juma. Juma asiweze kuchungulia kabla ya siku ya kufungua, na Asha naye asiweze kubadilisha bei. Hiyo ndiyo itifaki ya ahadi.

Mwaka 1993 Brassard na wenzake watatu walitoa itifaki ya ahadi ya kwantamu waliyodai haivunjiki kamwe. Mwaka 1997 Mayers, na kando yake Lo na Chau, wakachapisha uthibitisho kwamba bahasha kama hiyo haiwezekani. Ujanja ni huu: Asha anatuma chembe moja kati ya mbili zilizofungamana, ya pili anabaki nayo. Ikiwa bahasha haimwonyeshi Juma lolote, basi Asha anaweza kuichezea chembe yake dakika ya mwisho, na bahasha ikasomeka 0 au 1 apendavyo. Yaani usiri wenyewe ndio unaomfungulia tapeli mlango. Hilo huwezi kulirekebisha kwa toleo jipya la programu, jamani!

Njia nyingine zipo, ila kila moja ina sharti lake. Ahadi za heshi tunazotumia kwenye programu zetu hutegemea ugumu wa hesabu. Kent, mwaka 1999, alipendekeza kutegemea kasi ya mwanga: kila upande uweke mawakala mahali pawili palipo mbali. Mwaka 2016 ahadi ya aina hiyo ilidumu saa 24, mawakala wakiwa kilomita 7 mbali, na ujumbe waliotumiana ulikuwa wa kawaida tu, bila kwantamu yoyote!

Msimamo wangu ni kwamba kufuli lenye sharti lililotajwa wazi ni bora kuliko muujiza. Akija muuzaji na kwantamu yake, mwulize mambo mawili: inanilinda dhidi ya nani, na kwa sharti gani? Akibabaika, funga pochi yako.