Aliyeandikwa Hajasoma

Ukimwuliza mhadhiri wa Chuo Kikuu siku hizi amefanya nini kwa miaka kumi, yaelekea atakujibu kwa tarakimu. Atakueleza idadi ya makala alizochapisha, kisha mara ngapi wenzake wamezitaja katika maandishi yao. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni kipimo cha kuzikunja tarakimu hizo mbili kuwa moja: mwenye makala ishirini, ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara ishirini, hupewa ishirini. Kamati za kupandisha vyeo huipenda namba hiyo, kwani haiwalazimu wajumbe kusoma kitu.

Ndugu walimu na watumishi wa Serikali, jambo hili si la wanachuo peke yao. Baadhi ya vitabu vya siasa vinavyotajwa sana duniani vimeandikwa juu ya vijiji vyetu.

Chukua kitabu cha Goran Hyden, Msweden aliyefundisha siasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970. Mwaka 1980 alichapisha kwa Kiingereza kitabu kiitwacho Beyond Ujamaa in Tanzania. Alidai kuwa mkulima wetu, kwa kuwa ana ardhi yake, jembe lake na ndugu wa kusaidiana nao, anaihitaji Serikali kidogo kuliko Serikali inavyomhitaji yeye. Kwa hiyo akibanwa hurudi nyuma, akalima chakula chake akanyamaza. Wapo waliokubali. Wapo waliopinga kwa nguvu, wakionyesha kwamba mkulima wa kahawa au pamba alikwisha kufungwa na soko tangu zama za mkoloni. Na hapa pana kichekesho: kila aliyempinga ilimbidi amtaje, na hesabu ya kutajwa haitofautishi sifa na lawama.

Mwaka 1998 akaja James Scott wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliyefariki mwaka 2024. Kitabu chake Seeing Like a State kimetajwa makumi ya maelfu ya mara, na sura yake moja nzima inahusu Operesheni Vijiji. Anasema wakuu walipenda nyumba zilizopangwa kwa mistari kando ya barabara kwa sababu zinaonekana na kuhesabika kwa urahisi, wakasahau kwamba mwenyeji alikuwa na sababu za kutawanya mashamba yake kulingana na udongo na mvua. Hoja hiyo ni nzito, wala haifai kupuuzwa eti kwa kuwa imetoka ng'ambo. Lakini yafaa ijulikane kuwa kijiji alichokaa Scott akifanya utafiti, mwaka 1978 hadi 1980, kilikuwa Malaysia. Ya kwetu aliyapata katika maandishi ya waliomtangulia, Hyden akiwa mmojawao.

Fuateni basi mnyororo huo. Mkulima alimweleza mtafiti, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, jinsi alivyohamishwa baada ya kutangazwa mwaka 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri. Mtafiti akaandika kwa Kiingereza. Mwingine akamtaja huyo, na wa tatu akamtaja wa pili. Kila pingili ya mnyororo ilipata hesabu yake, isipokuwa ile ya kwanza. Hata jarida la siasa la Chuo chetu wenyewe, lililoanza mwaka 1970, lilipewa jina zuri la Kiswahili, Taamuli, na ndani yake kukajaa Kiingereza.

Chama hakina sababu ya kuyaogopa maandishi haya. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika tathmini yake ya mwaka 1977 juu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alitaja kasoro nyingi hadharani, nasi tulizisoma kwa lugha yetu. Hasara ni kwamba katibu tarafa anayepanga leo mpaka wa kijiji na hifadhi hana namna ya kujua kilichokwisha kuandikwa juu ya wale waliopanga kabla yake.

Wako watakaosema kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya elimu duniani. Na waandike Kiingereza! Hakuna anayewazuia. Tunachodai ni kidogo: kwamba kamati za vyeo ziipe makala ya Kiswahili uzito sawa na nyingine ya ubora ule ule, hata kama hakuna wa Ulaya aliyeitaja, na kwamba kila apewaye kibali cha utafiti, mwenyeji kwa mgeni, aache kijijini muhtasari wa Kiswahili wa aliyoyaona, ukasomwe katika mkutano wa hadhara na kubishiwa na wale wale waliohojiwa. Gharama yake ni karatasi chache, na nauli ya kuzifikisha kwa mtendaji wa kijiji.